Kustaajabia Kazi za Waliotangulia

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: je, yafaa Mwislamu kuzuru Misri akastaajabia mahekalu ya waabudu masanamu? Huko Luxor, ndani ya hekalu la Amun, Warumi walipiga kambi, Wakristo wakajenga kanisa, na tangu karne ya 13 upo msikiti wa Abu al-Haggag. Mchanga ulipofukuliwa, mlango wake wa kale ukabaki ukining'inia juu ukutani! Masahaba nao waliifungua Misri, na mapiramidi wakayaacha yasimame. Basi kustaajabia ufundi si kuabudu. Ninalolichelea ni lingine: msafiri kuwacheka Mafirauni kwa majina waliyoyachonga mawe, naye papo hapo ajisifia nasaba na majumba ya babu zake.