Enzi za Bermuda katika Bonde la Miwa

Kijiweni Ruhembe, miongoni mwa vijana waliovuka miaka ishirini, kuna enzi ambazo hazitajwi kwa mwaka. Wanaziita "enzi za Bermuda", na Bermuda yao haihusiani na vile visiwa vya Bahari ya Atlantiki. Ni kisiwa cha ndani ya simu, ramani ya kwanza ya mchezo wa Free Fire, ambako watu hamsini hurushwa kwa miamvuli kutoka kwenye ndege, huokota silaha popote wanapozikuta, kisha hupigana mpaka abaki mmoja au kikosi kimoja. Mtajie yeyote kati yao jina hilo, atacheka kabla hajajibu.

Free Fire ilitoka mwaka 2017. Iliundwa Vietnam na studio iitwayo 111dots, ikaingizwa sokoni na kampuni ya Garena ya Singapore. Mpinzani wake mkubwa, PUBG Mobile, alisambaa duniani Machi 2018 akiwa na picha nzuri zaidi na wachezaji mia moja kwa mechi, ila alitaka simu ya maana. Free Fire haikuchagua. Simu ya bei ya chini yenye RAM ya GB 1 iliweza kuibeba, japo kwa taabu, na mechi iliisha kwa dakika kumi hivi. Kwa mtu anayehesabu bando kwa megabaiti, dakika kumi ndiyo tofauti kati ya kucheza na kutazama wenzako wakicheza. Haishangazi kwamba mwaka 2019 mchezo huu uliongoza duniani kwa kupakuliwa kwenye simu, na katikati ya 2021 wenye mali wakatangaza kwamba umewahi kufikisha wachezaji zaidi ya milioni 150 kwa siku moja.

Ruhembe ni kata ya wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, upande wa jimbo la Mikumi, na hapo maisha huenda kwa kalenda ya miwa. Kiwanda cha Ruembe, ambacho wenyeji wanakiita K2, na mwenzake wa Msolwa ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu, K1, ndivyo vilivyolijengea bonde jina la sukari ya Kilombero. Wakulima wa nje, wengi wao wenye ekari chache tu, hupeleka miwa yao humohumo. Msimu ukifunguliwa pesa inazunguka. Masika yakishika na mitambo ikizimwa, mifuko inakauka, na bando la kijana linakauka pamoja nayo.

Kabla ya kukatwa, miwa huchomwa moto, na masizi huelea hewani mpaka uani kwa watu. Yalitua hata juu ya vioo vya simu. Mchezaji aliyejiheshimu alikuwa na kitambaa mfukoni na poda ya mtoto kwenye dole gumba, maana dole lenye jasho halitelezi, na kioo chenye ufa hakina huruma. Simu yenyewe ilikuwa moja, mara nyingi ya kaka mkubwa aliyepata malipo ya kukata miwa, na vichwa vilivyoizunguka vilikuwa vitano au sita. Mmoja alicheza, waliobaki wakawa macho yake. "Kulia kwako, nyuma ya mti! Lala! Lala, mwanangu!" Aliyekufa alikabidhi simu bila kesi. Aliyegoma kukabidhi alikumbushwa nani alichangia bando.

Kuchaji nako kulikuwa safari. Mitambo ya umeme wa maji ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, imekuwa ikiingiza umeme kwenye gridi ya taifa tangu 1975, na nyaya zake nene zinaelekea Morogoro zikipita juu ya vichwa vya watu ambao kwa miaka mingi walipeleka simu kuchajiwa dukani kwa malipo. Vijana hawakuiona ajabu. Waliokuwa na shida zaidi ni wale walioacha simu kwa mwenye duka wakaikuta imechajiwa nusu, huku mwenye duka mwenyewe akijua mambo ya Bermuda kuliko kawaida.

Halafu ikaja Machi 2020. Shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi madarasani mpaka mwishoni mwa Juni. Ilikuwa miezi ya wasiwasi kwa wazazi. Kwa watoto wao ndiyo ilikuwa miezi ya dhahabu, na hapa ukweli usifichwe: kumbukumbu tamu za kizazi kizima zimepandwa katika msimu ambao watu wazima walikuwa wakihofia uhai wao.

Kisiwa kile kilikuwa na majina ambayo yangeweza kumfurahisha mtoto yeyote wa bonde la miwa. Kulikuwa na Clock Tower na Peak, ambako waliojiamini walishukia kutafuta vita vya mapema. Kulikuwa na Plantation, shamba kubwa. Na kulikuwa na Factory, jengo la kiwanda ambalo paa lake lilikuwa ulingo: wachezaji walitua juu yake wakaacha bunduki na kuzichapa ngumi kavukavu mpaka abaki mmoja. Watoto waliokulia kati ya shamba na kiwanda walikuwa wakiruka kutoka kwenye ndege ili washukie shambani na kiwandani.

Lakini ukiwasikiliza vizuri wanaposimulia, hawasimulii sana ushindi. Wanasimulia ujinga. Yupo aliyeamini kwamba ukilala kifudifudi kwenye nyasi huonekani na mtu yeyote duniani, akawa anakufa kila mara akiwa amelala. Yupo aliyekimbilia ukingo wa ramani akidhani ukuta wa gesi hauui, unatisha tu. Yupo aliyegundua kwamba uyoga uliotawanyika porini huliwa na hurudisha uhai, akala kimya kwa siku kadhaa bila kumwambia mtu, mpaka mdogo wake akamsaliti. Habari ya uyoga ilisambaa kijiweni kuliko matokeo ya Simba na Yanga. Hakuna aliyesoma mahali popote. Kila kitu kilijulikana kwa kuchekwa.

Hapo ndipo ilipo siri ya enzi za kwanza za mchezo wowote wa mtandaoni: wote ni wageni kwa wakati mmoja. Aliyeanza jana anaweza kumfundisha aliyeanza leo, na kesho yake wakageuziana. Hali hiyo hudumu muda mfupi, kisha wajuzi wanajitenga, video za mafunzo zinajaa YouTube, na kila kona ya kisiwa inapata maelezo yake. Anayeanza leo anaambiwa kabla hajashuka wapi pa kutua, bunduki gani achukue na gani aiache. Anacheza vizuri upesi. Hana cha kusimulia.

Wazungu wamejaribu kuzirudisha enzi zao. RuneScape, mchezo wa Kiingereza ulioanza mwaka 2001, ulibadilishwa sana hata wachezaji wakalalamika. Februari 2013 kampuni ilifungua upya toleo la zamani kutoka kwenye nakala iliyohifadhiwa ya Agosti 2007, na toleo hilo liko hai mpaka leo. Fortnite ilirudisha kisiwa chake cha mwanzo Novemba 2023, na siku moja ikapokea wachezaji milioni 44.7.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa World of Warcraft, mchezo uliotoka Novemba 2004. Mashabiki walidai kwa miaka wapewe ule wa kwanza. Mwaka 2013 kiongozi mmoja wa Blizzard, kampuni inayoutengeneza, aliwajibu hadharani kwamba wanadhani tu wanautaka. Walimzomea mno kwa jibu hilo, na Agosti 2019 kampuni ikasalimu amri na kuufungua mchezo kama ulivyokuwa. Ndani yake kuna jitu la moto, Ragnaros, ambalo huhitaji kikosi cha watu arobaini kuliangusha. Mara ya kwanza kabisa lilichukua siku 154 tangu mchezo utoke. Mwaka 2019 liliangushwa kabla ya wiki kwisha. Jitu lilikuwa lilelile na pango lilelile. Waliobadilika ni walioingia pangoni, kwa sababu safari hii walikuja wanajua kila kitu. Yule bwana hakukosea sana kama alivyozomewa.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wa Ruhembe hulisema kwa aibu kidogo. Michezo ya aina ya Free Fire humpanga mgeni na wapinzani wengi ambao si watu. Ni boti, wapinzani wa kompyuta, wanaotembea kama waliopotea na kufyatua risasi hewani, ili mgeni aonje ushindi asije akaifuta programu. Zile Booyah, yaani ushindi, za mwanzo zilizoamsha nyumba nzima usiku wa manane, wakati bando la usiku likifanya kazi yake, nyingi zilipatikana kwa kuwaangusha viumbe ambao hata hawakujua wanapigana. Mashujaa wa 2019 walikuwa wanapiga mawe gizani, na giza lilikuwa limepangwa liwaonee huruma.

Wasichekwe. Wazee wa bonde hilohilo nao wana Bermuda yao. Ni miaka ya kiwanda cha umma, kabla serikali haijauza hisa nyingi kwa Illovo ya Afrika Kusini mwaka 1998, na wapo watakaokuambia kwamba siku zile kazi ilikuwa kazi na heshima ilikuwa heshima. Hawataji mitambo iliyochakaa wala uzalishaji ulioshuka mwaka hadi mwaka mpaka kiwanda kikalazimika kuuzwa. Kumbukumbu ina tabia ya kulipa mshahara kwa wakati hata pale ambapo mhasibu alichelewesha.

Tofauti ni kwamba mzee ana pa kurudia. Ubao wa drafti ulio chini ya mwembe, na kete zake za vizibo vya soda, una sheria zilezile alizozikuta akiwa kijana. Hakuna anayeweza kumwamkia asubuhi na kumwambia kete imeongezwa nguvu. Kijana wa Free Fire hana ubao. Kisiwa ni mali ya kampuni, na toleo jipya likitoka la zamani halifunguki. Desemba 2020 aliingizwa mhusika aitwaye Chrono, aliyeundwa kwa sura ya Cristiano Ronaldo, akiwa na ngao kali kiasi kwamba malalamiko yalitanda na nguvu zake zikapunguzwa mwaka uliofuata. Mwaka 2021 Bermuda yenyewe ilifanyiwa ukarabati na kuongezewa sehemu mpya, mojawapo ikiwa ni bwawa la umeme, Nurek Dam, kana kwamba watoto wa jirani na Kidatu walikuwa na upungufu wa mabwawa. Na duka la mavazi likazidi kunenepa. Siku hizi mchezaji hupimwa kwanza kwa nguo, kisha kwa shabaha.

Gharama za nje ya mchezo nazo hazikukaa kimya. Aprili 2021 vifurushi vya intaneti nchini vilipanda bei ghafla, na kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali ilisitisha bei hizo mara moja. Miongoni mwa waliopiga kelele walikuwamo wafanyabiashara na wanafunzi wa vyuo. Kijiweni Ruhembe walipiga kelele kwa sababu zao.

Jambo la mwisho halisimuliwi kabisa kijiweni, na si kwa kusahau. Katika vile vichwa vitano au sita vilivyozunguka simu, msichana alikuwa wapi? Alikuwa kisimani au jikoni. Sauti ya mama, "Weka simu chini, maji hayajachotwa," aghalabu ilimwita yeye, hata kama simu ilikuwa mkononi mwa kaka yake. Enzi za Bermuda zilikuwa nzuri kwa nusu ya watoto wa nyumba. Kwamba wasichana hawawezi si hoja. Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya kimataifa kucheza Tekken, mchezo wa mapigano, akiwa mwanafunzi wa sheria, na alianza kuigusa Tekken angali mtoto mdogo. Mtu fulani nyumbani kwao alimpa pedi ya kuchezea.

Simu sasa zimekuwa nyingi Ruhembe, na kila mmoja anaweza kucheza chumbani kwake akiwa na spika masikioni. Wakongwe hupenda kuwaambia wadogo kwamba wamechelewa, kwamba mchezo uliisha zamani. Hilo si kweli, na linawanyima wadogo haki ya kuwa wageni. Kwa hiyo, wewe uliyekuwapo enzi zile: mdogo wako akikuuliza ashukie wapi, mwambie ashuke popote anapotaka, na habari ya uyoga umwachie aigundue mwenyewe. Dada yako akiomba raundi moja, mpe simu, na maji ukachote wewe.