Majilio Yaanze Mezani Penu



Majilio yamekaribia. Wengi wetu tunahesabu nguo za watoto, bei ya mbuzi na nauli ya kwenda nyumbani. Mwaka mmoja mimi na mama watoto tulikosana kwa ajili ya nauli hiyo, tukanuniana wiki nzima. Mimi katekista nawafundisha wengine kumngojea Bwana, na nyumbani kwangu hakuna salamu!

Ndipo tukaanza desturi hii. Injili ya Luka ina sura 24. Mkianza Desemba 1, sura moja kila jioni, mtaimaliza mkesha wa Noeli. Leo asome mume, kesho mke. Washeni mshumaa mmoja, na kila Jumapili ya Majilio mwongeze mwingine hadi iwe minne.

Sura ya kwanza yaanza na mume na mke, Zakaria na Elisabeti. Zakaria alikaa bubu mpaka siku mtoto alipopewa jina. Kinywa chake kilipofunguka, alimsifu Mungu.

Nawe uliyemnunia mwenzako, usingoje Krismasi. Mwambie leo usiku, "Nisamehe." Kisha fungueni Luka.