Mtoa Mafuta na Safari ya Mwenziwe

Babati ni mji wa njia panda. Magari yatokayo Arusha hupita hapo, mengine yakielekea Singida, mengine Kondoa na Dodoma, na mengi husimama kujaza mafuta. Muuza mafuta hamwulizi dereva aendako. Dereva huyo akiua mtu mbele ya safari, hapana mwamuzi wa haki atakayemtia muuzaji hatiani. Hakujua, wala hakupaswa kujua.

Je, hoja hiyo yamfaa pia mtoa mafuta wa angani? Ndege ya vita hula mafuta mengi, nayo haiwezi kuchukua akiba ya safari ndefu. Basi ndege kubwa huingojea juu, huishushia bomba, na zote mbili huruka sanjari mpaka ndogo ishibe. Hapo hapana mpita njia. Wamekutana kwa miadi.

Tangu mwaka 2015 hadi Novemba 2018, Marekani ilizipa mafuta angani ndege za muungano ulioongozwa na Saudia katika vita vya Yemeni. Machi 2018 Jenerali Joseph Votel, mkuu wa majeshi ya Marekani katika Mashariki ya Kati, aliliambia Baraza la Seneti kwamba hawakufuatilia ndege hizo zilifanya nini baadaye. Agosti mwaka uo huo muungano ulipiga basi la wanafunzi huko Saada. Watoto 40 wakafa. Hapana haja ya kudai kwamba ndege iliyowaua ilijazwa angani. Swali lasimama bila ya hilo. Kutojua kwa muuzaji wa Babati ni hali. Kutojua kwa jeshi lile kulikuwa uamuzi. Jicho lililofumbwa kwa hiari si jicho pofu.

Yaweza kujibiwa kwamba mafuta huokoa pia. Julai 1976 ndege za Israeli zilizotoka kuokoa mateka Entebbe zilijazwa mafuta Nairobi. Ni kweli, kwa hiyo tendo la mtoaji hupimwa kwa safari anayoisaidia. Walakini Idi Amin alilipiza kisasi kwa kuwaua Wakenya waliokaa Uganda, watu wasiotoa hata kibaba cha mafuta. Huo ulikuwa udhalimu, maana dhima humfuata mtoaji mwenyewe, haimfuati ndugu yake.

Na hata Babati, siku dereva atakapotamka kwamba aenda kuua, muuzaji akamjazia tangi, bei aliyoipokea haitakuwa tena bei ya mafuta peke yake.