Anayenyoosha Mkono

Mvua ikinyesha Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, maji huteremka na mto Nzoia hadi kwetu Budalang'i, nasi watu wa Bunyala tunaanza kulichungulia tuta linalozuia mafuriko. Upande wa pili wa mlima huohuo, ukivuka Malaba na kupita Tororo hadi karibu na Mbale, wanaishi Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Kila Februari au Machi, masika yakikaribia, wao huadhimisha Purimu. Naipenda sikukuu hiyo kwa sababu inauliza jambo tunalolijua sisi wa bondeni: aliyenusurika afurahi vipi?

Kisa kimo katika kitabu cha Esta. Hamani, mkubwa wa maofisa wa mfalme Ahasuero wa Uajemi, alichukizwa na Mordekai, Myahudi aliyekataa kumsujudia, akaazimia kuwaangamiza Wayahudi wote. Tarehe akaitafuta kwa kura. Ilipigwa mwezi wa kwanza, ikaangukia wa kumi na mbili, Adari, na amri ikatangazwa: watu wakaishi miezi wakiijua siku yao ya kufa. Malkia Esta, aliyekuwa ameficha asili yake ya Kiyahudi, akaingia kwa mfalme bila kuitwa, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo, na mambo yakageuka. Katika maandishi ya Kiebrania Mungu hatajwi hata mara moja. Bahari haipasuki. Kuna mfalme aliyekosa usingizi, karamu mbili, na mwanamke aliyethubutu.

Abayudaya hawahitaji kufundishwa maana ya kujificha. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao miaka ya 1970, wengi waliingia Ukristo au Uislamu, wachache wakasali kwa siri. Alipoangushwa Aprili 1979, walikuwa wamesalia mia chache tu. Kinyago ambacho mtoto huvaa siku ya Purimu ni mchezo. Wazee wake walificha sura zao ili waishi.

Lakini sura ya tisa siwezi kuiruka. Waliokusudiwa kuuawa wanaua maadui 75,000. Wengine husema ni kujihami, wengine kwamba ni hadithi tu. Vyovyote iwavyo, naona pale hatari ya kila aliyeokoka: hofu ikiondoka, hasira hukimbilia kiti chake, na furaha ikawa ya kutazama mwingine akizama.

Ndiyo maana naona uzito wote wa Purimu uko katika agizo linalofuata: watu wapelekeane vyakula, na maskini wapewe zawadi. Kila mtu awape maskini wasiopungua wawili, hata yule ambaye mwenyewe anaishi kwa sadaka. Musa bin Maimuni, mwanafalsafa wa karne ya 12 aliyeishi Misri, alifundisha kwamba ni heri kuzidisha zawadi za maskini kuliko kuipanua karamu yako. Na kuna kanuni inayonigusa kuliko zote: siku hiyo, anayenyoosha mkono hupewa, bila kuchunguzwa.

Kwa nini asichunguzwe? Kwa sababu ya ile kura. Aliyehukumiwa kwa kura hakuwa na hatia, na aliyeponea chupuchupu hawezi kujigamba kwamba alistahili. Mwaka 2020 Nzoia ilipofurika na Ziwa Victoria likapanda, maji hayakuuliza nani mwema: boma hili lilizama, la jirani yake likabaki kavu. Mwenye boma kavu atamwuliza aliyezama anastahili nini?

Katika kambi za waliohamishwa na mafuriko mambo huwa mengine: kitambulisho, orodha ya chifu, foleni ya mahindi na maharagwe, na mama anayeambiwa jina lake halimo. Orodha siibezi, maana chakula hakitoshi na njaa ni ya miezi. Ila nataka iwepo walau siku moja, maji yakiisha kupungua, ambapo sisi tuliobaki wakavu tunapika na kugawa, na hakuna anayeshika kalamu.