Haki ya Kupumzika

Watu wengi husema kuwa pumziko ni ujira wa uchovu: afanyaye kazi sana apumzike sana, na asiyefanya asipumzike. Neno hili lafanana na kweli, lakini nakuomba, msomaji kijana, tulipime kabla ya kulikubali. Nitalipima kwa kazi niijuayo, nayo ni ualimu, na kwa mahali ambapo kazi hiyo ni nzito kuliko kwingi, napo ni Garissa.

Mfikiri mwalimu mpya. Atoka chuoni na cheti mkononi, afika shuleni na kukuta walimu wachache. Sababu si siri. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilishambuliwa na watu 28 wakauawa. Miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakienda makwao kwa likizo ya Desemba. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti ya Garissa yenyewe, na baada ya hapo Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Waliobaki wakaubeba mzigo wa waliokwenda. Basi mgeni wetu hupewa hesabu, sayansi na Kiswahili pamoja, na usiku zamu ya bweni. Na joto la huko si la kuhadithiwa. Muhula wa pili wa mwaka 2025 ulikuwa wa wiki 14. Ufikapo mwisho wa muhula wa namna hiyo sauti imemkauka, na akiitwa jina lake huchelewa kuitika.

Kisha huja likizo ya Agosti. Alala mpaka jua limepanda. Alasiri aketi chini ya mwembe kando ya mto Tana, anywa chai ya maziwa ya ngamia, atazama maji ya rangi ya udongo yakielekea baharini, wala hafanyi lo lote.

Hapo moyo wake huanza kumshtaki. Watoto wamekosa walimu wa kutosha, nawe wakaa tu? Madaftari yamo mkobani, nawe wahesabu mawimbi? Vijana wengi waingiao katika ualimu huyasikia mashtaka haya, na wengine huyatii hata wakaugua.

Mimi nayaona kuwa si ya haki. Mtazame mfugaji wa Kisomali na ngamia wake. Nundu ya ngamia si tangi la maji, kama wengine wadhanivyo. Ni shahamu, nayo husinyaa mnyama akishinda na njaa siku nyingi. Afikapo kisimani na kiu kali aweza kunywa lita 100 kwa muda mfupi. Mchungaji hamharakishi, wala hamwulizi kama amestahili. Amwacha anywe, kisha apumzike kivulini, kwa kuwa ajua urefu wa safari ya kesho.

Walakini mfano huu wanitosheleza nusu tu. Ngamia hupumzishwa kwa ajili ya safari. Kama nasi twapumzika ili tufanye kazi tena, na si kwa sababu nyingine, basi tumejifanya wanyama wetu wenyewe, tukijinywesha na kujitwika. Yule aliye chini ya mwembe hajazi tangi. Alikuwa na jina kabla ya kuitwa mwalimu, naye amepata nafasi ya kulikumbuka. Hili ni jambo la utu, na utu hautolewi kwa vipimo vya jasho.

Lakini hapa ndipo shauri linapokuwa gumu kwake. Lau pumziko lingekuwa ujira, angelifurahia peke yake, kama mtu atumiavyo mshahara wake. Likiwa ni haki ya kila mtu, hana budi kuuliza ni nani alilikosa. Naye hana haja ya kwenda mbali. Mwanafunzi wake wa kike amerudi kambini kwa wazazi, na kwake likizo ni punda, mitungi ya maji, mbuzi wa kukamua na wadogo wa kulea. Kaka yake yuko malishoni na ngamia. Katika ukame mkubwa ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, njia ya maji ilizidi kuwa ndefu. Mtoto wa namna hiyo huingia muhula wa tatu amechoka kuliko alivyotoka ule wa pili. Wiki ya kwanza husinzia darasani, na mwalimu aliyelala vizuri likizo nzima ya Agosti humwita mvivu.

Simtaki mwalimu aache mwembe wake. Namtaka, arudipo, aulize kabla ya kugonga dawati. Mtu atasema kuwa mtihani wa taifa haungoji wasinziao. Ni kweli, lakini asinziaye hasikii somo hata likirudiwa mara tatu, na nusu saa ya usingizi kivulini baada ya chakula cha mchana haigharimu shule kitu.

Nawe, msomaji, ambaye labda waisoma insha hii ukiwa likizoni: nyumbani kwenu, ni nani aketiye wa mwisho jioni, na ni nani aliyeyateka maji uliyonawa leo asubuhi?