Msiikaze Springi ya Gavana

Vijana wangu mnaoshika pawatila za baba zenu huko Usangu, Kilombero na kwenye majaruba mengine ya mpunga, nina neno nanyi kabla mvua hazijakolea. Nasikia mnasema injini hizi zimezeeka, hazifai tena, heri wapewe wanunuzi wa chuma chakavu. Nyingi ziliingia vijijini baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, na zipo zilizotangulia. Mimi ni fundi wa injini hizo tangu ujana wangu, na nawaambia bila kuficha: ni chache mno nilizozifungua nikakuta zimeuawa na umri. Zimeuawa na vumbi, na ukame wa oili, na zaidi ya yote zimeuawa na haraka ya walioziendesha.

Itazameni ile S195 ya Kichina ambayo wengi wenu mnayo. Jina lake lenyewe linaieleza: silinda moja yenye kipenyo cha milimita 95. Hutoa nguvu za farasi 12 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, na mwendo huo wa utulivu ndio uliozifikisha nyingi hapa zilipo. Chuma chake ni kinene, flaiwili yake ni nzito, haina kompyuta wala sensa. Slivu ikichakaa inachomolewa, inaingizwa nyingine, na mgandamizo unarudi. Kwa kuwa viwanda vingi vya China vimetengeneza injini ya mtindo huohuo, spea zake zinapatikana kuanzia Kariakoo hadi kwenye vibanda vya minadani. Kubota nazo ni imara sana, ila kwa hizo nendeni dukani na namba ya injini mkononi, msikubali kukisiwa.

Sasa nije kwa lile linaloninyima usingizi. Shamba likiisha, pawatila hufungwa tela, ikabeba matofali, mchanga, magunia, na watu juu yake. Mwendo mnauona mdogo. Basi mmoja wenu anachukua bisibisi, anaikaza springi ya gavana au anarefusha skrubu ya mwisho wa mafuta, injini inapiga kelele, nanyi mnafurahi.

Wanangu, msifanye hivyo. Gavana imewekwa pale ipunguze dizeli injini inapokuwa nyepesi na iiongeze inapoelemewa, ili mwendo usivuke kipimo. Pistoni hupanda, husimama, hugeuka, hushuka, husimama tena, na kila inapogeuka huvuta na kusukuma konrodi na boliti zake. Mzigo huo haukui sawasawa na mwendo, hukua kwa kipeo chake cha pili. Mkiitoa injini kwenye mizunguko 2,000 mkaipeleka 2,600, mmeongeza mwendo kwa asilimia 30, lakini boliti zile zimeongezewa karibu asilimia 70 ya mateso. Boliti ya zamani iliyokwisha kuvutwa miaka mingi haiwezi kustahimili. Ikikatika, konrodi inatoboa bloku, na hapo hakuna fundi wa kulaumiwa wala wa kukusaidia. Na hayo ni ya injini tu. Tela lililojaa watu, lisilo na breki za maana, kwenye mteremko, nadhani mnajua linavyoishia. Watoto wa watu wamezikwa kwa ajili ya springi moja.

Ikitokea injini imepandwa na wazimu, mwendo unapanda wenyewe na lesi haiitikii, msihangaike na koki ya tangi. Dizeli iliyo kwenye paipu inatosha kuikimbiza bado, na kama inachoma oili yake yenyewe, kufunga koki hakusaidii kitu. Zibeni mdomo wa kuvutia hewa kwa ubao au tambara zito lililokunjwa, au, kama inakimbizwa na dizeli, legezeni nati ya paipu ya presha kwa spana. Simameni upande, kamwe si usawa wa flaiwili. Zoezi hili mlizungumze nyumbani injini ikiwa imezimwa, maana siku yenyewe hakuna muda wa kuulizana.

Vumbi ni muuaji wa kimya. Ea klina ya hizi injini nyingi ina bakuli la oili chini: hewa inapita juu ya oili, vumbi linanasa. Wakati wa kulima jaruba lenye maji hakuna taabu kubwa. Lakini kiangazi, mnapobeba mizigo kwenye barabara ya udongo, bakuli lile linageuka tope kwa siku moja au mbili. Kitabu kitasema lisafishwe kila baada ya saa 100. Nawaambieni, katika vumbi letu lifunguliwe kila jioni. Oili ifike kwenye alama, isizidi, maana ikizidi injini itaivuta. Kisha chomoeni mpira unaounganisha ea klina na injini, mpitishe kidole safi ndani yake. Kidole kikitoka na vumbi, kuna ufa au klipu imelegea, na vumbi likichanganyika na oili kwenye slivu linafanya kazi ileile ya dawa ya kusugulia valvu. Mkivunga hapo, msimu haujaisha mtaona moshi wa bluu na kusikia pumzi ikitoka kwenye mfuniko wa oili.

Oili yenyewe ni namba 40 kwa joto letu, imwagwe kila baada ya saa 100, ikiwa bado ina moto ili itoke na uchafu wake. Saa mtazijuaje, na injini haina mita? Wekeni daftari. Andikeni siku, ekari, safari. Juu ya kichwa cha S195 kuna kidude chekundu kinachoinuka oili ikiwa na presha. Injini ikiwaka nacho hakijainuka, zimeni papo hapo. Nimeona vijana wamekipaka rangi pamoja na bodi yote mpaka kikaganda. Kiachieni huru.

Maji ya mfereji yana tope, na tope hukaa chini ya kizimba cha maji likaizunguka slivu, joto lisitoke. Tumieni maji ya mvua au yaliyochujwa kwa kitambaa. Maji yakikauka kabisa, zimeni na mngoje ipoe; anayemimina maji baridi juu ya chuma kilichoungua anaukata ufa kwa mkono wake.

Dizeli nunueni kituoni. Kuchanganya mafuta ya taa na dizeli kulikithiri hadi EWURA ikaanzisha uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na madumu ya kando ya barabara hayana wa kuyakagua. Pampu na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa hayana ulaini wa kutosha, plenja inakwaruzika, na pampu ni spea ya gharama.

Injini ikikataa kuwaka, msikimbilie kufungua kichwa. Inueni dikompresa, mzungushe kwa hendeli, mtege sikio karibu na nozeli. Mkisikia ule mlio wake mkavu wa kukwaruza, dizeli inafika. Msipousikia, toeni hewa kwenye paipu kwanza. Moshi mweusi mtafuteni kwenye hewa iliyoziba au mzigo uliozidi. Mweupe mzito usiokoma utawapeleka kwenye mgandamizo hafifu au maji. Na fundi anayetaka kuwauzia ringi mpya bila kuipima slivu, mwambieni apime kwanza. Ringi mpya kwenye slivu iliyoliwa ni fedha ya mpunga mliyoitupa mtoni.

Hendeli ishikwe vidole vyote pamoja na dole gumba upande mmoja, ili ikirudi nyuma isilivunje. Kava la mikanda lisitolewe. Aliyevaa kanga, koti lililo wazi au shati linaloning'inia asisogelee mikanda injini inapozunguka, hata kama ni mama mwenye pawatila yake.

Msimu ukiisha msiiache chini ya mti ilivyo. Imwageni maji yote, wekeni oili mpya, kwa sababu oili chafu ina tindikali na italala miezi kadhaa ikila beringi. Izungusheni taratibu mpaka mgandamizo ukatae, muiache hapohapo. Valvu zote mbili zitakuwa zimefunga, na unyevu hautaingia kwenye silinda. Bomba la moshi lifunikwe kwa kopo. Kila mwezi mtu mmoja aizungushe mara kadhaa ili oili ipande, kisha airudishe kwenye mgandamizo. Anayetaka kujifunza kuseti valvu na aje na injini yake ikiwa imepoa. Fila geji ninayo.