Nadharia isiyoshindwa ni hatari kwa jirani

Watu wa Manga, hapa Gusii nchini Kenya, hatukosi maelezo. Kijana wa bodaboda akigongwa na lori, kabla matanga hayajaisha maelezo matatu yatakuwa yamepatikana: fundi atataja breki, mhubiri atataja dhambi, na shemeji aliyeketi kando ya moto atamtaja jirani kwa sauti ya chini. Kila mmoja anasema kutokana na nadharia aliyo nayo, hata kama neno lenyewe hajawahi kulitamka. Sina ugomvi na nadharia. Bila nadharia macho hayaoni mengi. Muuguzi aliyefunzwa huona upungufu wa damu katika kiganja cha mtoto, nasi tunaona kiganja tu. Ninalotaka kuwashauri leo ni adabu ya kuishika nadharia inapomhusu binadamu mwingine.

Mwaka 1937 Mwingereza Evans-Pritchard alichapisha kitabu juu ya uchawi miongoni mwa Wazande, walioko Sudan Kusini na Kongo. Alieleza habari ya ghala la nafaka linaloanguka na kuwaumiza watu waliojipumzisha kivulini chini yake. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Hawakuwa wajinga. Walilouliza ni jingine: kwa nini limewaangukia hawa, na kwa nini saa hii? Swali la kwanza lina mchwa ndani yake. La pili halina mchwa, na hapo ndipo uchawi ulipoingia.

Nawaomba wasomi wetu wasilicheke swali hilo la pili. Mama aliyefiwa na mwanawe wa pekee hafarijiki kwa kuelezwa habari za breki. Ila jibu lake likiwa ni jina la mtu, matata yameanza.

Tunayajua matata hayo. Mei 2008 watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wazee sana, waliuawa kwa moto hapa Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021 kule Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma za namna hiyohiyo. Hao walikuwa magokoro wa watu, yaani bibi zao. Waliowaua hawakutoka mbali.

Tazama nadharia inavyofanya kazi katika mambo haya. Tangu zamani tumesimuliwa kwamba omorogi, yaani mchawi, hutoka usiku, uchi, akizurura penye nyumba za watu. Sasa mchukue bibi wa miaka 80 aliyepatwa na dimenshia, ule ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole. Huamka usiku wa manane akidhani kumekucha, anavua nguo bila kujua, anapotea njia na kukutwa uani kwa jirani, akiulizwa anajibu mambo yasiyoeleweka. Daktari akimwona anaona dalili za maradhi. Kijana aliyelelewa na zile simulizi anaona ushahidi uliokamilika. Bibi ni yuleyule na usiku ni uleule. Tena lolote bibi atakalofanya litaongezwa kwenye mashtaka: akikana, wachawi hukana, akinyamaza, amekubali, akilia, anajifanya.

Mwanafalsafa Karl Popper alilitambua tatizo hili mbali kabisa na Gusii, mjini Vienna mwaka 1919. Alikuwa kijana akisaidia katika kazi za mwanasaikolojia Alfred Adler, ambaye kwake mienendo mingi ya watu ilitokana na hisia ya unyonge. Popper akampelekea habari za mtoto mmoja ambaye aliona hafanani na nadharia hiyo. Adler akaeleza yote ya mtoto huyo kwa nadharia yake bila taabu, ilhali hakuwa amemwona. Popper alipouliza uhakika huo umetoka wapi, Adler alitaja uzoefu wake wa visa elfu. Popper akamwambia kwamba sasa, bila shaka, uzoefu umefika elfu na kimoja. Baadaye alijenga juu ya jambo hilo kanuni iliyompa sifa: nadharia ya kisayansi ni ile inayosema mapema ni jambo gani likitokea itakuwa imeanguka. Inayoeleza kila kitu, na kinyume chake pia, haijaeleza kitu.

Mbele ya kipimo hicho, shemeji wa kando ya moto na daktari Adler wanasimama mstari mmoja. Ndiyo maana sipendi watu wanaogawa ulimwengu kuwa wenye sayansi upande huu na wenye ushirikina upande ule. Wazee wetu walikuwa na omoragori wa kupiga ramli, na walikuwa pia na omobari, aliyefungua fuvu la mtu mwenye maumivu ya kichwa yasiyokoma baada ya kupigwa. Nadharia ya omobari ilihusu mfupa. Mgonjwa alipona au hakupona, na kijiji kiliona. Upande wa pili, wataalamu nao wamewahi kuponea chupuchupu kutuhukumu vibaya. Robert LeVine na wenzake walifanya utafiti wa malezi Gusii kuanzia miaka ya 1950, wakarudi miaka ya 1970, na mwaka 1994 wakatoa kitabu. Waliona akina mama wa Gusii hawawatazami sana watoto wachanga usoni wala hawapigi nao porojo. Kwa nadharia za saikolojia zilizotungwa Ulaya na Marekani, huo ulikaribia kuitwa upungufu wa mapenzi. LeVine alikuwa na subira. Akaelewa kwamba mama alikuwa na nadharia yake: mtoto abebwe, anyonye, anyamazishwe upesi, kwa sababu kazi ya kwanza ni aishi, mazungumzo atayapata kwa ndugu zake akishakua. Mama hao walipoonyeshwa filamu za wenzao wa Marekani, walishangaa jinsi mtoto alivyoachwa akalia.

Na kanisa? Biblia yenyewe ina kitabu kizima juu ya marafiki wenye nadharia. Elifazi, Bildadi na Sofari waliketi na Ayubu siku saba bila kusema neno, na hapo walifanya vyema. Walipofungua vinywa walieleza kwamba mateso hutokana na dhambi, basi lazima Ayubu ana dhambi aliyoificha. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wao. Wahubiri wa matanga yetu, wengi wao watu wema, hukisoma kitabu hiki kwa haraka mno.

Si uchawi tu. Mwalimu ameshaamua kwamba mtoto ni mvivu, kumbe hauoni ubao. Mume ana nadharia juu ya simu ya mkewe, na kila ujumbe unaithibitisha, na usipokuwepo ujumbe, amefuta. Wenye tabia hii twawajua, na mara nyingine tunakula nao meza moja.

Basi ukihisi umemwelewa mtu kabisa, jiulize: ni jambo gani likitokea nitakubali kwamba nimekosea? Ukikosa jibu, funga mdomo kwanza. Mwenzako akianza kutaja jina matangani, muulize swali hilohilo mbele ya watu, kwa upole. Mkumbushe pia kwamba Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 humwadhibu hata anayemshutumu mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa amepeleka habari kwa wenye mamlaka kama chifu au polisi. Ni sheria ya mkoloni na ina kasoro zake, lakini kwa hili iko upande wa magokoro.

Naye magokoro akianza kutoka usiku, msimfungie chumbani kwa aibu. Mpelekeni hospitali, Nyamira au Kisii, na muwaeleze majirani mapema, kwa jina la ugonjwa, ili wasije wakajitungia jina lao. Ukisikia vijana wanakusanyika na petroli, piga 999 au 112 papo hapo. Maswali mengine yatangoja.